Apophis: Mwamba Utakaopita Jirani Yetu

Watoto wetu hufunzwa majina ya sayari nane, wakadhani hesabu imekwisha. Zaidi ya hizo, iko miamba isiyohesabika iliyosalia tangu sayari zilipoumbika, nayo ingali ikilizunguka jua. Wataalamu wa falaki huiita asteroidi. Mmojawapo ni Apophis, uliogunduliwa Juni 2004 katika kituo cha Kitt Peak, Arizona, Marekani.

Upana wake ni takriban mita 340. Hulizunguka jua kwa siku zipatazo 324, na njia yake huikaribia mno njia ya dunia. Hauna nuru yake wenyewe. Huonekana kwa kuakisi nuru ya jua.

Tarehe 27 Desemba 2004, siku moja baada ya tsunami kuzipiga pwani za Bahari ya Hindi, uwezekano wa mwamba huu kuigonga dunia mwaka 2029 ulikadiriwa kufikia asilimia 2.7. Siku hiyohiyo zikapatikana picha zake za Machi, zilizopigwa kabla haujatambuliwa. Hesabu zikarudiwa, na hatari ya mwaka huo ikafutika. Mnamo 2021, vipimo vya rada vilionyesha kuwa hautaigonga dunia kwa muda wa miaka 100 angalau.

Hata hivyo, utapita karibu. Usiku wa kuamkia Jumamosi, 14 Aprili 2029, yapata saa sita na dakika 46 kwa saa zetu, utakuwa kilomita 32,000 hivi kutoka uso wa dunia. Karibu zaidi kuliko setilaiti nyingi za matangazo ya televisheni. Walio Afrika, Ulaya na magharibi mwa Asia wataweza kuuona bila darubini, mfano wa nyota hafifu iendayo taratibu. Mbingu hazitakuwa na mwezi, ila mawingu ya masika huenda yakatuziba.

Kabla ya usiku huo, uvumi wa kutisha utasambaa simuni. Mzazi atakayeupokea asiupeleke mbele kabla ya kuuliza: nani amepima, na lini? Makadirio ya kwanza hayakuwa uongo. Yalitokana na ushahidi mchache, na ushahidi ulipozidi, yakarekebishwa. Mtoto akieleweshwa hivyo, hatauogopa usiku ule. Ataomba kukesha nje atazame, naye aruhusiwe.