Kinga ya Serikali na Mguu wa Mwananchi

Tuchukue mfano wa watu wawili walioumizwa siku moja katika barabara moja. Wa kwanza amegongwa na matatu. Wa pili amegongwa na lori la polisi lililokuwa likikimbilia kuvunja mkutano wa hadhara. Wote wamevunjika mguu, wote wamelazwa katika wodi moja, na bei ya plasta na magongo ni ile ile. Lakini sheria za Kenya haziwatazami kwa jicho moja. Aliyegongwa na matatu ana miaka 3 ya kufikisha madai yake mahakamani, chini ya Sura ya 22. Aliyegongwa na lori la serikali ana miezi 12 tu, chini ya Sura ya 39. Miezi 12 ndiyo muda ambao sheria humpa mtu aliyechafuliwa jina gazetini. Yaani mfupa uliovunjwa na serikali umepimwa kwa mizani ya masengenyo!

Linapotajwa neno kinga, wengi wetu humfikiria Rais. Kinga yake tunaijua, na hatujaacha kuihoji. Hata hivyo, Katiba ya 2010, katika kifungu cha 143, inasema kwamba kipindi anachokuwa madarakani hakitahesabiwa katika muda wa kumshtaki. Saa husimama ikamngoja ateremke kitini. Kwa mwananchi aliyepigwa rungu na konstebo saa haisimami hata siku moja. Hukimbia angali kitandani, hukimbia akitafuta pesa za wakili, hukimbia akiogopa kwenda kuomba fomu ya P3 katika kituo kile kile walikotoka waliompiga.

Hii ndiyo kinga tunayotaka kuizungumzia, kwa kuwa haina kelele. Haimwambii mtu kwamba hana haki. Humwambia amechelewa.

Uingereza, ambako desturi hii ilitoka, ilikuwa na sheria ya mwaka 1893 iliyowapa watu miezi 6 tu ya kuzishtaki mamlaka za umma. Waingereza wenyewe waliona aibu wakaufuta upendeleo huo mwaka 1954. Sisi tuliojitawala mwaka 1963 tuliendelea kuuvaa kama koti kuukuu la bwana aliyekwisha kuondoka.

Wasomaji wetu wa makanisani wanawakumbuka akina mama waliokwenda Uhuru Park mwishoni mwa Februari 1992, wakafunga kula wakidai wana wao waachiliwe kutoka jela za siasa. Tarehe 3 Machi askari waliwaingilia kwa virungu na gesi ya machozi. Wangari Maathai alipigwa akazirai. Baadhi ya akina mama walivua nguo zao mbele ya askari, na kila aliyelelewa katika nchi hii anajua uzito wa laana hiyo. Kanisa Kuu la Watakatifu Wote likawafungulia mlango, wakakaa humo hadi mwaka 1993.

Sasa tuulize: nani angewaandikia akina mama hawa kesi ya fidia kabla ya Machi 1993? Mlango wa mahakama ulikuwa wazi, lakini aliyeketi ndani aliteuliwa na yule yule aliyetuma virungu. Walipokwenda kudai baada ya Katiba mpya kupatikana, mahakama za chini ziliwaambia wamekawia. Ilibidi wafike Mahakama ya Juu, ambayo mnamo Januari 2023 ilikubali kwamba kukawia kwao kulikuwa na sababu, kutokana na hali ya nchi ilivyokuwa, na kwamba haki zao zilivunjwa. Ilikuwa imepita karibu miaka 31. Mjane wa Injili ya Luka alimsumbua kadhi wake hata akachoka. Lakini hatusomi popote kwamba aliulizwa kwa nini hakuja mwaka uliotangulia.

Kaskazini mwa nchi hali ilikuwa mbaya zaidi, na hapo kinga ilisema waziwazi. Sheria ya mwaka 1970, Sura ya 44, ilizuia kesi kuhusu matendo ya maafisa wa serikali na wanajeshi kati ya tarehe 25 Desemba 1963 na tarehe 1 Desemba 1967, katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki na wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Ilitosha kusemwa kwamba tendo lilifanywa kwa nia njema, au katika kutimiza wajibu kwa faida ya umma. Umma upi? Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipendekeza katika ripoti yake ya mwaka 2013 kwamba sheria hiyo ifutwe. Wengi waliopaswa kufaidika na pendekezo hilo walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Na tusidhani kwamba kushinda kesi ndio mwisho wa safari. Mnamo Julai 2010 Mahakama Kuu iliwapa fidia watu 21 walioteswa katika vyumba vya chini vya Jumba la Nyayo, na haikukubali kwamba muda ulikuwa umewafungia mlango. Lakini Sura ya 40, inayohusu kesi dhidi ya serikali, imeweka kinga nyingine mwishoni mwa njia. Ukishindwa kesi wewe, dalali atakuja kuchukua kitanda na ng'ombe. Ikishindwa serikali, mali yake haikamatwi. Mshindi hupewa cheti, akakipeleka kwa afisa anayehusika, kisha akangoja. Asipolipwa hurudi mahakamani kuomba amri ya kumshurutisha afisa huyo, yaani kesi ya pili ya kudai matunda ya ile ya kwanza. Haya tunayasema bila kuwalaumu mahakimu wote. Wapo waliopunguza ukuta huu: mwaka 2012 Mahakama Kuu ilitamka kuwa sharti la kuipa serikali ilani ya siku 30 kabla ya kuishtaki linapingana na Katiba.

Tunalitaka Bunge liifute miezi 12 ya Sura ya 39, ili aliyeumizwa na serikali awe na muda ule ule wa aliyeumizwa na jirani. Wakati huo huo tunaziomba parokia na vikundi vyetu vifungue daftari. Ziandikwe tarehe na mahali mtu alipoumizwa, nambari ya gari au ya askari ikiwa ilionekana, hospitali aliyotibiwa, na nakala ya P3. Wakili atafutwe mapema, si katika mwezi wa 11.

Kwa aliyeumizwa katika maandamano ya tarehe 25 Juni 2024, na ambaye hakufungua kesi ya kawaida, miezi yake 12 ilikwisha Juni 2025. Njia iliyobaki ni ombi la kutetea haki za kikatiba, ambalo halikuwekewa muda maalumu, ila mahakama itamtaka aeleze kwa nini alikawia. Aanze kuandika maelezo hayo leo, mwezi kwa mwezi, na aziweke karatasi zote za hospitali mahali pasipovuja.