Usingoje kuugua ndipo utafute msaidizi

Wiki iliyopita nilikuwa Rusumo, upande wetu wa daraja, nikisubiri mchele wangu uvushwe. Karibu yangu alikaa mama mmoja mwenye duka kule Kibungo. Simu yake iliita mara sita. Wote waliopiga walikuwa wateja, na wote aliwapa jibu moja: "Nimesafiri, njoo kesho kutwa." Nilipomuuliza kwa nini hana mtu wa kumkalia dukani, alisema, "Mama, biashara yenyewe ndiyo hii ndogo, nitamlipa nini?"

Jibu hilo nalijua, maana hata mimi nililitoa kwa miaka mingi. Sisi tuliokulia Karagwe na Ngara na kurejea nyumbani katika miaka ya 1990 tuna ugonjwa wetu. Mtu aliyewahi kuanza upya na mkeka na sufuria hakabidhi ufunguo wake kwa mwingine. Tunanunua wenyewe, tunavusha wenyewe, tunauza wenyewe, na jioni tunahesabu wenyewe. Tunaita hali hiyo kujitegemea. Kwa maoni yangu, mara nyingi ni woga tu.

Mimi nilifundishwa na malaria. Ilinikamata Kahama nikiwa nimekwenda kununua mchele, nikalala siku tisa. Duka langu la Nyakarambi likafungwa siku zote hizo. Shule moja iliyokuwa ikichukua magunia kwangu kila mwezi ikahamia kwa jirani, na mpaka leo haijarudi. Niliporejea, nimekonda na nimeshikwa na hofu, nilifanya kosa la pili: nilimwita mtoto wa kaka yangu aje "anisaidie". Hatukutaja mshahara. Nilijiambia ni mtoto wa nyumbani, anakula na kulala kwangu.

Baada ya miezi minne hesabu ziligoma. Sukari ilipungua, sabuni ilipungua, na madeni hayakuandikwa popote. Nilipomkalisha chini, kijana hakukana. Alinitazama akasema, "Shangazi, mimi nilikuwa nachukua mshahara wangu kidogo kidogo." Nilikasirika, na kaka yangu hakusema nami karibu mwaka mzima. Leo nakiri kwamba kijana yule hakuwa mwizi. Mwenye makosa alikuwa aliyemwajiri bila kumwajiri.

Basi msaidizi atafutwe lini? Jibu liko kwenye daftari. Kwa mwezi mmoja niliandika siku zote ambazo duka lilifungwa kwa sababu ya safari. Zilikuwa siku mbili kila wiki, yaani siku nane katika wiki nne. Siku ya kawaida duka liliniachia faida ya faranga 9,000. Nikaona kwamba kufuli langu lilikuwa likinila faranga 72,000. Binti wa jirani, aliyekwisha maliza shule, alikubali kukaa kwa faranga 3,000 kwa siku, siku za safari peke yake. Hiyo ni faranga 24,000. Hata akiuza nusu ya ninavyouza mimi, faida ni faranga 36,000, na ninabaki na 12,000 ambazo zamani sikuziona. Juu ya hayo, mteja anakuta mlango wazi.

Angalieni kwamba sikuanza na mtu wa mwezi mzima. Wengi wetu tunadhani kuna njia mbili tu, kuwa peke yako au kuwa bosi. Msaada unaweza kuanza kwa siku mbili.

Pia si kila msaada unaouzwa mpakani unahitajika. Wapo wanaotukimbilia tukishuka garini wakidai bila wao mzigo hauvuki. Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Rwanda ilijiunga nayo mwaka 2007, bidhaa zinazostahili zilizozalishwa katika nchi wanachama, zikiwa na thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, huvushwa kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa hapo hapo mpakani, bila wakala wa forodha. Rusumo maofisa wa nchi zote mbili wako pamoja tangu kituo kilipozinduliwa rasmi mwaka 2016. Uliza dirishani kwanza. Fedha unayompa mtu wa kukushikia karatasi ingemlipa mtu wa kukushikia duka. Lakini mkijiunga akina mama watatu mkaweka mzigo wote kwa jina la mmoja na ukapita kiwango hicho, hapo wakala mtamhitaji, na gharama yake igawanywe mapema.

Ukimpata mtu, andikeni. Sheria ya kazi ya Rwanda ya mwaka 2018 hairuhusu mkataba usioandikwa kuzidi siku 90 mfululizo, nayo ni sheria nzuri hata kwa ndugu. Hasa kwa ndugu. Karatasi yetu ina mambo manne: malipo na siku ya kulipwa, nani anaruhusiwa kukopeshwa, bei ambazo hazipunguzwi, na kuhesabu bidhaa pamoja kabla sijaondoka na nikirudi. Binti naye ana nakala yake.

Najua wapo watakaosema kwamba watu siku hizi si waaminifu. Inawezekana. Ila mtu usiyemhesabia hujui kama ni mwaminifu au siyo, na asiyelipwa atajilipa. Tusiwaite wezi watoto wetu kabla hatujajiuliza tuliwaahidi nini.

Yule mama wa Kibungo nilimwachia swali moja, na sasa nawaachia nanyi wafanyabiashara wenzangu. Mwezi uliopita mlango wako ulifungwa siku ngapi, na kila siku ilikugharimu kiasi gani? Ukishapata hesabu hiyo utajua kama wakati umefika. Itafute ukiwa mzima, una nguvu ya kuchagua na kufundisha. Mgonjwa huchukua yeyote anayepita.