Ulimwambia “mwaga yote”, akamwaga: si jeuri huyo

Asubuhi Gongo la Mboto, nyumba nyingi ziko mbioni. Mtoto wa miaka minne anagonga ndoo, maji ya kununua kwa dumu yanatapakaa sakafuni. Mama anafoka: “Haya, mwaga yote! Si tunapewa bure?” Mtoto anainamisha ndoo na kumwaga yaliyobaki. Hapo anakula kofi na kuitwa jeuri.

Mzazi, kabla hujanyanyua mkono, fahamu kwamba huenda mtoto huyo ametii tu.

Kwa watu wengi, maana ya maneno ya kawaida hushughulikiwa zaidi na maeneo ya lugha yaliyo upande wa kushoto wa ubongo. Kinaya, yaani kusema jambo ukimaanisha kinyume chake, kina kazi ya ziada. Ubongo hulinganisha maneno na hali iliyopo, husikiliza sauti, husoma uso, kisha hukisia nia ya msemaji. Hapo upande wa kulia na sehemu ya mbele ya ubongo huhusika pia. Mwaka 2005, watafiti nchini Israel walionyesha kuwa wagonjwa walioumia sehemu hiyo ya mbele walipata shida kutambua kejeli.

Sehemu hiyohiyo ndiyo huchelewa kukomaa, na huendelea kukua hadi mtu anapofika miaka ya 20. Watoto wengi huanza kung’amua kinaya wakiwa na miaka mitano au sita, na uelewa huo huongezeka hadi karibu miaka 10. Mafumbo ya kanga na mipasho ya taarabu atayajua, lakini kwa wakati wake.

Kwa mtoto mdogo, sema unachotaka: “Acha ndoo, chukua tambara, tufute.” Ukiteleza ukasema kwa kejeli, mweleze: “Nilisema hivyo kwa sababu nimekasirika, sikutaka umwage.” Akizidi kukua, mfundishe kwa utani mwepesi huku akiona unatabasamu.

Akipita miaka 10 na bado anachukua kila neno kama lilivyo, tena anapata shida kucheza na wenzake au kuzungumza nao, mpeleke kwa daktari wa watoto. Inaweza kuwa dalili mojawapo ya usonji, na usonji hautibiwi kwa fimbo.