Picha Hailewi: Neno kwa Askari Wapiga Mbizi

Wahenga walinena kwamba maji usiyoyafika hujui wingi wake. Methali hiyo ilithibitika huko Mombasa tarehe 29 Septemba 2019, gari lilipoteleza kutoka katika kivuko cha Likoni na kuzama pamoja na mama mmoja na binti yake mdogo. Wapiga mbizi wa Jeshi la Wanamaji la Kenya, wakisaidiwa na wenzao wa kiraia, walipambana na mkondo mkali na giza la maji. Kamera za majini nazo zikateremshwa. Gari lilikuwa katika kina cha mita 58, nalo lilitolewa tarehe 11 Oktoba, siku ya kumi na tatu. Siku zote hizo jamaa wa marehemu walikuwa wakingoja.

Wapo waliowalaumu wapiga mbizi wale kwa kukawia. Sisi tuvaao sare hatujiungi na lawama hiyo. Hata hivyo hatuna budi kujiuliza: msiba kama ule ukitufika katika Ziwa Victoria, ambalo kina chake hufikia takriban mita 80, je, tutakuwa na watu wa kushuka? Na wakishuka, watarudi na habari gani?

Ieleweke wazi kwamba kushuka mita 58 si kazi ya ushujaa mtupu. Katika kina hicho mgandamizo hukaribia mara saba ya ule wa juu, na mtungi wa hewa ambao ungemtosha mtu saa nzima akiwa juu humalizika kwa dakika zipatazo 9. Apitapo mita 30, naitrojeni iliyomo hewani huanza kumlevya mtu mfano wa pombe: huisahau saa yake na kuiona hatari kuwa mchezo. Akipanda kwa pupa, gesi iliyoyeyuka mwilini hugeuka mapovu, naye aweza kupooza au kufa. Ndiyo maana mafunzo ya wapiga mbizi wa starehe hukomea mita 40. Atakaye kupita hapo hufundishwa upya namna ya kutumia hewa iliyochanganywa na heli, kusimama kituo baada ya kituo wakati wa kupanda, na kuitii saa kuliko moyo wake.

Sisi wa ziwani tuna mtihani wa ziada. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi zaidi. Majedwali ya kupandia yaliyotungwa kwa ajili ya bahari hayafai kufuatwa huku bila kurekebishwa.

Sasa tuje kwenye kamera, ambayo wengine huiona kuwa anasa ya watalii. Hatukubaliani nao. Mtu aliyeleweshwa na kina si shahidi wa kutegemewa, na hata mwenye akili timamu hudanganywa na maji: vitu huonekana vikubwa na vya karibu kuliko vilivyo, na rangi nyekundu hufifia upesi hata damu ikaonekana ya kijani. Picha hailewi. Kwayo kamanda aliye mashuani huamua kamba ifungwe wapi na mlango upi uko wazi, kabla hajamtuma mtu wa pili. Kwa polisi, picha iliyopigwa kabla kitu hakijaguswa, rula ikiwa kando yake, ni ushahidi.

Ustadi huo una kanuni zake. Taa iwekwe mbali na lenzi, la sivyo chembe za tope zitang'aa kama ukungu. Mpiga mbizi aelee bila kulitifua tope kwa miguu. Apige kwanza kitu kizima, kisha sehemu, kisha alama ndogo. Hayo hayajifunzwi siku ya msiba.

Wala tusidhani kazi hii ni ya kuopoa maiti tu. Tarehe 22 Septemba 2018, siku mbili baada ya kivuko MV Nyerere kupinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wapiga mbizi walimtoa mhandisi mmoja akiwa hai.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Askari na polisi wa majini wafundishwe pamoja, kwa mtaala mmoja. Kamera iwe sehemu ya mtihani wao. Na asitumwe mtu kupita mita 40 bila mafunzo hayo, daktari na chumba cha mgandamizo karibu, hata umma ukipiga kelele namna gani. Kusema "bado" mbele ya umati unaolia nako ni ushujaa wa kamanda.

Mama aliaye ufukoni haulizi tuna ushujaa kiasi gani. Anauliza mwanawe yuko wapi. Jibu lake liandaliwe leo, ziwa likiwa limetulia.