Mlonge si dagaa, jamani

Nimepotea kidogo humu, lawama zote ziende kwa utafiti wa mwaka wa mwisho: kupima protini kwenye majani ya mlonge.

Majani niliyachuma Butiama kwa babu, nikayaanika kivulini, nikapita nayo Bunda kumsalimia shangazi. Nikamkuta anamkorogea mjukuu wake uji na kijiko cha unga wa mlonge. Dagaa? Ameacha. Muuzaji mmoja stendi ya Musoma kamwambia mlonge una protini kuliko nyama, tena unatibu magonjwa 300. "Ni kweli mwanangu? Wewe si ndiye msomi?" Nikaitikia ndiyo. Na mimi si nilikuwa nimesoma hivyo hivyo!

Basi maabara imeniumbua. Tunatumia njia ya Kjeldahl, yule Mdenishi, ya mwaka 1883: unachemsha sampuli kwenye asidi kali, unapima nitrojeni, unazidisha kwa 6.25. Unga wangu umetoa kama gramu 26 kwa kila 100, na hapo imehesabiwa hata nitrojeni isiyo ya protini. Nyama mbichi ni kama 20. Kwa hiyo muuzaji hakudanganya kabisa, ila kalinganisha kitu kikavu na kitu chenye maji. Majani mabichi ya mlonge hayafiki hata 10. Na dagaa wakavu wa ziwa letu wanapita 50!

Halafu nani anakula gramu 100 za mlonge? Kijiko cha shangazi ni gramu 7 au 8 hivi, yaani protini gramu 2 tu. Mtoto wa miaka miwili anahitaji kama 13 kwa siku.

Sina ugomvi na mlonge, ni mboga nzuri sana. Ugomvi wangu ni kuuita dawa, maana kitu kikishaitwa dawa ya kila kitu hakuna anayeuliza kiasi. Na sisi wa vyuoni tunachangia: ripoti zimejaa asilimia, hakuna anayeandika vijiko. Yangu nimeiwekea safu ya vijiko. Kama watanikata maksi, poa tu.

Jana nikampigia shangazi, nikamwambia nilikosea. Akanyamaza, kisha akauliza: "Kwa hiyo miezi yote hii mtoto alikuwa anakunywa majani?" Sikuwa na jibu. Kasema leo atapitia sokoni kuchukua dagaa, atawasaga kwenye uji.