Kubuni Si Kupapasa

Wako wanaowaambia vijana wa Musoma na Bunda kwamba jazi ni uhuru mtupu: shika gitaa, fumba macho, vidole vitajua njia. Rai hii ina sura ya ukarimu, lakini ni dhuluma. Humwacha mwanagenzi apapase gizani, kisha anaposhindwa huambiwa hana kipaji.

Watasema wazee wa Mara Jazz, Tabora Jazz na Morogoro Jazz walijifunza kwa sikio. Bendi hizo zilipiga dansi, si jazi ya Marekani. Lakini hata huko, mpiga solo asiyejua wimbo umefika wapi huumbuka.

Itazamwe bluzi, iliyozaa "C Jam Blues" ya Duke Ellington, iliyorekodiwa mwaka 1942. Kiini cha wimbo huo ni sauti mbili tu, so na do. Chini yake hupita vipimo 12, kila kimoja mapigo manne. Katika umbo sahili la bluzi, vinne vya kwanza hukaa nyumbani: do, mi, so zikilia pamoja. Viwili huhamia fa, la, do. Viwili hurejea nyumbani. Cha tisa hupanda so, ti, re. Cha kumi hushukia fa. Viwili vya mwisho hurudi kwenye do. Mafundi huipamba njia hiyo, hawaifuti. Kijana aliyeimba kwaya anazo sauti zote hizo kifuani. Hajaambiwa tu.

Malenga ajibuye papo kwa papo hahesabu mizani kwa vidole. Kina cha mwisho hukisikia kabla hajakifikia. Nani atathubutu kumwambia kwamba kina kimemfunga mdomo?

Mwana wa Butiama, Julius Nyerere, alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, akaipitia upya, ikatoka tena 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Tamthilia ilikuwa ile ile. Maneno ndiyo yaliyotafutwa tena. Hakuhitaji kuivunja hadithi ya Shakespeare ili awe na la kusema.

Basi wanaofundisha waache kuwagawia vijana uhuru usio na njia. Wawaimbishe kwanza do, fa na so chini ya wimbo, duru baada ya duru, mpaka sikio litangulie kidole. Atakayepotea baada ya hapo atakuwa na pa kurudi.