Mashini mpya ya bei ndogo ama ya ofisi iliyotumika: jamaa iliyohama inunue ipi?

Kuna swali linalozunguka sana kwa vijana huku Kivu ya Kaskazini. Kikundi kimechanga pesa, tuseme dolari 200. Je, kinunue mashini mpya ya bei ndogo, ama ile ya ofisi iliyokwisha tumika ng'ambo?

Swali si la fahari. Kijana anaitaka mashini ili aandike kazi ya masomo, apige chapa barua za watu na apate chakula cha siku. Jamaa inaitaka pia kwa kutunza picha za diploma, vyeti vya kuzaliwa na karatasi za viwanja vilivyobaki Masisi ama Rutshuru. Kwa mtu aliyekimbia, karatasi hizo ndizo nyumba aliyobaki nayo.

Maoni yangu ni haya: kwa pesa ileile, ya ofisi iliyotumika inashinda mpya iliyo dhaifu, mradi mnunuzi aipime kabla ya kulipa.

Kwanza tuipe haki mashini ya bei ndogo. Ni nyepesi, betri yake ni mpya, na mara nyingi inauzwa na garanti. Nyingi kati yake zina prosesa ya Celeron inayokula umeme kidogo, na baadhi hazina feni kabisa. Hapa Goma, penye vumbi la mawe ya volkano, kukosa feni ni faida. Mwenye paneli ndogo ya sola tu ataona tofauti. Betri ya wati-saa 40 inashika karibu saa 5 kama mashini inakula wati 8, lakini ikila wati 16 inashika saa 2 na nusu tu.

Sasa ubaya wake. Nyingi zina memori ya GB 4 na nafasi ya GB 64, na vyote viwili vimechomelewa kwenye kadi mama. Windows 11 inadai angalau GB 4 na GB 64 hizohizo, maana yake mashini inaanza maisha ikiwa imekwisha shiba. Baada ya miezi michache inakuwa nzito, na fundi hana pa kuongeza. Baya zaidi, kadi mama ikiungua, picha za diploma na karatasi za kiwanja zinaweza kupotea pamoja nayo, kwa sababu hakuna diski ya kuchomoa.

Mashini za ofisi, kama ThinkPad za Lenovo, Latitude za Dell na EliteBook za HP, zilitengenezwa kwa kazi ya kila siku. Nyingi zinafunguliwa kwa skrubu za kawaida. Fundi anabadilisha diski, betri, klavye, na kwa nyingi hata memori. Mashini ikifa, diski inachomolewa na kusomwa kwenye nyingine. Na ikibidi kukimbia tena usiku, diski inaingia mfukoni.

Lakini kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukiona muuzaji anakuharakisha, simama, upime mambo manne.

La kwanza ni umri. ThinkPad T470 ya mwaka 2017 na T480 ya mwaka 2018 zinafanana sana kwa macho. Hata hivyo T480 yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 inakubaliwa na Windows 11, na T470 haimo kwenye orodha. Windows 10 ilikoma kupewa matengenezo ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Mwenye mashini ya zamani asiitupe. Linux Mint ama Ubuntu ni bure, na zinapatikana kwa Kifaransa.

La pili ni betri. Kwenye Windows, andika powercfg /batteryreport ndani ya dirisha la amri, kisha fungua ripoti inayotoka. Linganisha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Ikiwa umeshuka chini ya nusu, bei ya betri nyingine itolewe kwenye bei ya mashini.

La tatu ni kufuli. Zima mashini, iwashe, ubonyeze F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell, F10 kwa HP. Ikidai neno la siri ambalo muuzaji halijui, iache. Kwa baadhi ya mashini, dawa ni kubadilisha kadi mama nzima.

La nne ni asili yake. Katika vita hivi ofisi nyingi zimeporwa. Ukiona alama ya shirika iliyokwanguliwa, na muuzaji hana fakitire wala jibu, usinunue. Bei itakuwa tamu, lakini sisi tulioporwa hatuwezi kuwa soko la waporaji.

Je, mpya ya bei ndogo haifai kabisa? Inafaa kwa anayeandika barua tu, anayetegemea sola ndogo, na asiye na fundi karibu. Huyo aitumie, ila kila Jumamosi anakili karatasi zake kwenye flashi mbili, moja akae nayo, nyingine aikabidhi ndugu wa mahali pengine. Hata mwenye mashini ya ofisi afanye hivyo, maana diski nayo hufa.

Neno langu la mwisho ni kwa mashirika yanayogawa mashini kwa vijana waliohama. Kartoni mpya zinapendeza kwenye picha siku ya kugawa. Kijana lakini anahitaji mashini ambayo fundi wa mtaani ataweza kuifungua mwaka ujao. Kabla ya kuagiza, waulizeni mafundi wa hapa ni mashini zipi wanazo vipuri vyake.